Je, wajua? Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka mti mmoja

Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe unazoziona dukani hazitokani na mimea mitatu tofauti. Zote ni majani ya mchai, ambao wanasayansi huuita Camellia sinensis. Tofauti huanzia pale jani linapochumwa.

Mchai ukiachwa bila kupogolewa hurefuka hata kupita mita 10. Mashambani hupogolewa ukabaki usawa wa kiuno, ili mchumaji aufikie na machipukizi yaendelee kutoka. Hupenda udongo wenye asidi, mvua nyingi na ubaridi wa nyanda za juu. Ndiyo maana umestawi Kericho, Rungwe na Mufindi. Nchini Kenya ulipandwa kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903.

Mchumaji hodari huchuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Kiwandani majani hunyaushwa, kisha hupitishwa kati ya rola mbili zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi kuliko nyingine, yakachanika vipande vidogo. Utomvu ukikutana na hewa, ukijani hugeuka rangi ya shaba, kama tufaha lililomenywa. Hapo ndipo chai nyeusi hupata rangi na ukali wake, kabla ya kukaushwa kwa hewa ya moto.

Chai ya kijani hupashwa moto mapema, kwa mvuke au kwenye kikaango, ili vimeng'enya vinavyobadili rangi vife. Nyeupe ni machipukizi machanga yaliyonyaushwa na kukaushwa tu. Ipo pia ya zambarau: watafiti wa Kericho walitoa aina hiyo kwa wakulima mwaka 2011, na rangi yake hutokana na anthosiyanini, kemikali ile ile inayoipa zabibu nyeusi rangi.

Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Jasho hilo lote laweza kupotea jikoni kwako, kwa kuwa chai kavu hufyonza unyevu na harufu upesi. Ikikaa jirani na vitunguu au sabuni, utavionja kikombeni. Ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko unaobana, mbali na mvuke wa jiko. Chota kwa kijiko kikavu, na ununue kiasi utakachokimaliza kabla harufu yake haijafifia.