Usianze na pumzi

Katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kile kipande cha Salgaa hadi Sachangwan huwanyamazisha abiria wengi. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipolipuka Januari 2009 na kuua watu zaidi ya 100. Pale Migaa, Desemba 31, 2017, basi liligongana na lori, watu 36 wakafa. Abiria akishikwa na hofu hapo, moyo ukaenda mbio, kifua kikabana na vidole vikafa ganzi, akaamini kabisa kwamba anakata roho, wenzake hawatamshangaa. Watamwombea, au watasema ni presha.

Shida ni kwamba shambulio la hofu halingoji Salgaa. Humkuta mtu kwenye foleni ya benki au katikati ya ibada. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hutulia. Ile ganzi na kizunguzungu husababishwa kwa kiasi kikubwa na kupumua harakaharaka, ambako hupunguza kaboni dioksidi katika damu.

Mtu wa namna hii siku hizi huambiwa na rafiki ajaribu tafakuri ya Kibudha: kaa kimya, fumba macho, fuata pumzi. Kwake yeye, naona huo ni mwanzo mbaya. Tayari anailinda pumzi yake kama bawabu anayemshuku kila mgeni. Akizidi kuichungulia ataiona fupi, ataogopa, nayo itafupika zaidi. Wengi huacha wiki hiyohiyo wakidhani wao ndio wameshindwa.

Wabudha wenyewe wana milango mingine. Mwalimu wa Kitibeti Mingyur Rinpoche, aliyezaliwa Nepal mwaka 1975, aliteswa na mashambulio haya tangu utotoni, ingawa baba yake alikuwa bingwa wa tafakuri. Hata alipojifungia kwa mafunzo ya miaka mitatu akiwa kijana wa miaka 13, hofu ilimfuata humohumo. Leo huwafundisha wanaoanza kusikiliza sauti tu: sikio lisikie, akili ikipotea irudi, basi. Nakuru haina uhaba wa sauti. Makanga na bodaboda watakutosha.

Mlango mwingine ni kutembea. Watawa wa Kibudha hutembea polepole, mbele na nyuma, wakihisi unyayo unavyogusa ardhi. Uga wa nyumbani unatosha, macho yakiwa wazi, dakika tano tu. Hofu ikija, usishindane nayo: hisi miguu, taja kimoyomoyo vitu unavyoviona, na ukitaka kuacha, acha.

Kozi za kimya za siku 10 za mtindo wa mwalimu wa tafakuri S. N. Goenka, zenye saa kama 10 za kukaa kila siku, zisubiri. Waandalizi wake wenyewe humuuliza mwombaji kuhusu afya ya akili, na hapo afadhali ujibu ukweli.

Je, tafakuri inasaidia? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, wa watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, uligundua kwamba kozi ya wiki nane ya tafakuri ya umakinifu haikuzidiwa na dawa ya escitalopram. Lakini hao walikuwa na walimu na madaktari wa kuwafuatilia, si video ya simu usiku wa manane.

Wanaotaka mwalimu wa Kibudha wa karibu wanaweza kuuliza katika hekalu la Upanga, Dar es Salaam, au Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Kuhisi nyayo zako hakukudai ubadili dini, kwa hiyo mama wa maombi asiwe na wasiwasi.

Ila kabla ya yote nenda hospitali. Maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, tezi ya shingo iliyochachamaa na upungufu wa damu vinaweza kufanana na hofu, na daktari ndiye wa kuvitenganisha. Ikiwa unameza dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutafakari.