Kurudia darasa: nchi jirani zimeamua nini, na mzazi aulize nini?

Mwaka wa masomo unapofika ukingoni, familia nyingi hukabiliwa na swali zito: mtoto ambaye alama zake hazikutosha apandishwe pamoja na wenzake, au arudie darasa? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazina jibu moja. Kila moja imeshika njia yake, na mzazi wa hapa Burundi anaweza kujifunza jambo katika kila njia.

Nchini Tanzania, uamuzi hutegemea mtihani. Wanafunzi wa darasa la nne na wa kidato cha pili hufanya upimaji unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na asiyefikia kiwango hurudia. Mwaka 2008 serikali iliondoa sharti hilo kwa kidato cha pili, lakini baada ya miaka michache likarejeshwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walifeli. Matokeo hayo yaliwapa nguvu waliodai kwamba kumpandisha mtoto asiyeelewa ni kuahirisha tatizo.

Rwanda nayo ilichukua hatua kali mwezi Oktoba 2021. Wanafunzi zaidi ya 60,000 walioshindwa mitihani ya kumaliza shule ya msingi na ya mwaka wa tatu wa sekondari walitakiwa kurudia. Ikumbukwe kwamba shule za nchi hiyo zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na zikaanza kufunguliwa hatua kwa hatua mwezi Novemba. Mtihani hupima kile ambacho mtoto hakukijua. Hauelezi kwa nini hakukijua.

Kenya imeelekea upande mwingine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma katika darasa lolote. Kabla ya hapo, baadhi ya shule zilikuwa zikiwarudisha wanafunzi dhaifu ili wastani wa alama za shule usishuke. Hata hivyo, katazo peke yake halimfundishi mtoto kusoma. Anayepandishwa bila msaada hukuta masomo mapya yamejengwa juu ya yale asiyoyaelewa.

Tafiti nyingi za elimu zimeonyesha kwamba faida ya kurudia, inapopatikana, aghalabu hupungua baada ya miaka michache, na kwamba wanaorudia wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuacha shule. Umri unasonga, aibu inaongezeka, na gharama ya mwaka mzima huiangukia familia. Lakini mtoto aliyekosa masomo kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa au kuhama huenda akanufaika, kwa kuwa mafunzo hayo hakuyapata kabisa.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, liko jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi, nalo ni lugha ya kufundishia. Mtoto aliyeanza shule Tanzania akajifunza hesabu kwa Kiswahili, kisha akaingia darasa linalofundishwa kwa Kifaransa, anaweza kufeli swali ambalo jibu lake analijua. Huyo anahitaji kufundishwa Kifaransa. Kumrudisha kwenye hesabu alizokwisha kuzimudu hakutamsaidia.

Basi mzazi asingoje ripoti ya mwisho wa mwaka. Akutane na mwalimu mapema, walau katika muhula wa pili, amwulize mambo matatu. Kwanza, mtoto ameshindwa somo gani, na kwa sababu gani: kusoma, lugha, utoro, macho, njaa? Pili, akirudia, ni kitu gani kitakachobadilika katika kufundishwa kwake? Tatu, akipandishwa, ni nani atakayemsaidia kuziba mapengo, na saa ngapi? Mtoto mwenyewe naye aulizwe, kwani mara nyingi ndiye anayejua siku aliyoacha kuelewa.

Mwalimu akikosa jibu la swali la pili, mzazi ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya kabla mwaka mwingine haujaanza.