Kwa nini tenki linamwagika asubuhi, jioni bomba limekauka?

Msikilizaji, umewahi kuona tenki la kijiji linamwaga maji asubuhi, kisha jioni bomba halitoi hata tone, na pampu ni nzima? Lawama humwangukia mwendesha pampu. Lakini hata mtu makini anaweza kufika hapo, kama taarifa zinamfikia zimechelewa.

Kwetu Mara jambo hili linatuhusu. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, kwa mfano, unachukua maji Ziwa Victoria pale Mugango na kuyapeleka hadi Butiama. Pampu ikiwa huku na tenki kule, lazima anayeendesha ajue kilichomo ndani ya tenki.

Tuchukue tenki la mfano tu. Kila saa mwendesha pampu anarekebisha maji yanayoingia, lakini kipimo alichonacho ni cha saa moja iliyopita. Tenki limepungua lita 8,000 chini ya alama.

Anaongeza lita 8,000. Saa moja baadaye tenki limefika kwenye alama, ila yeye bado anasoma kipimo cha zamani. Anaongeza tena 8,000, maji yanazidi. Habari za kuzidi zikimfikia anapunguza, na kwa sababu ileile anapunguza mara mbili. Tenki linarudi pungufu lita 8,000. Mzunguko huu unajirudia kila saa sita, bila kukoma. Kipimo kingekuwa cha papo hapo, kazi ingekwisha ndani ya saa moja.

Sasa arekebishe nusu tu ya pengo analoliona. Upungufu unashuka hadi 4,000, kisha sifuri. Maji yanazidi kwa 2,000, baadaye 1,000, na tenki linatulia.

Kwa tenki la namna hii hesabu ziko wazi. Taarifa ikichelewa saa moja, rekebisha chini ya pengo lote. Ukizidisha, mayumbo yanakua kila mzunguko. Ikichelewa saa mbili, kikomo kinashuka hadi karibu asilimia 62 ya pengo. Hata mtambo unaojiendesha wenyewe haukwepi kanuni hii.

Maji yaliyomwagika yameshatumia umeme au dizeli, na gharama hiyo hurudi kwenye bei ya ndoo. Kwa hiyo kamati ya maji ianze na simu: mlinzi wa tenki atoe kipimo mapema. Mtandao ukisumbua na taarifa zikachelewa, mwendesha pampu arekebishe kidogo kidogo.