Mikrobiolojia chuoni: yafaa mwanafunzi na mzazi wake wajue nini kabla ya kulipa karo

Matokeo ya KCSE yakishatoka, maswali katika nyumba nyingi za Pwani huwa ni yale yale. Mtoto asomee nini, karo ni pesa ngapi, na mwisho wake ataajiriwa wapi? Wanaochagua uuguzi, famasia, maabara ya tiba, afya ya jamii au sayansi ya chakula hukutana mapema na somo moja ambalo shuleni hawakulisikia sana likitajwa kwa jina lake. Somo hilo ni mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu.

Wapo wanaolipita bila taabu na wapo wanaolirudia. Mara nyingi tofauti yao si akili. Tofauti ni kwamba wa kwanza aliingia akijua somo linataka nini, na wa pili akadhani ni Biolojia ya kidato cha nne iliyoongezwa maneno magumu. Makala haya yanaeleza kinachofundishwa, kinachofanywa maabarani, na mambo ya kuuliza kabla hujatoa hata shilingi.

Ni somo la nini hasa?

Viumbe wenyewe hugawanywa katika makundi. Kuna bakteria, kuvu (ndio fangasi), protozoa kama yule anayeleta malaria, na virusi. Bakteria anayeitwa E. coli, akaaye matumboni mwetu, ana urefu wa takriban mikromita 2. Ukiwapanga 500 kwa mstari wanajaza milimita moja tu. Virusi ni wadogo zaidi, na hadubini ya kawaida ya chuo haiwezi kuwaonyesha.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hufundishwa ni kwamba wengi wa viumbe hawa hawana ubaya na sisi. Hamira inayoumua mahamri ni kuvu hai. Maziwa ya mgando ni kazi ya bakteria. Tembo la mnazi hugemwa tamu, na baada ya saa chache huwa kali, kwa sababu hamira za mwituni na bakteria wameshaingia kazini. Likiachwa zaidi huwa siki. Mama zetu walikuwa wakiwatumia viumbe hawa jikoni kabla ya chuo chochote kujengwa. Chuo kinaongeza majina na sababu.

Mihadhara: historia, majina na hesabu

Mihadhara ya mwanzo huwa na historia. Katika miaka ya 1670, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alitengeneza vioo vya kukuzia na akaona wadudu wadogo wakiogelea katika tone la maji. Karibu miaka 200 baadaye, Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba mchuzi uliochemshwa hauozi wenyewe, mpaka vijidudu vya nje viufikie. Kisha Mjerumani Robert Koch akaweka utaratibu wa kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu.

Historia hii haifundishwi kwa kujaza muda. Utaratibu wa Koch ndio fikra ya somo zima. Haitoshi kumwona kijidudu ndani ya mgonjwa. Sharti umtoe, umkuze peke yake, uonyeshe kwamba yeye ndiye aletaye ugonjwa ule ule, kisha umpate tena. Mwanafunzi akiielewa fikra hiyo, nusu ya maabara inakuwa na maana kwake.

Halafu huja majina ya Kilatini na Kigiriki, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake ni kuyavunja. *Coccus* maana yake ni punje, *bacillus* ni kijiti, *staphylo* ni shada la zabibu, na *strepto* ni mnyororo uliopinda. Basi ukisikia *Staphylococcus* umeshaambiwa utaona nini chini ya hadubini: punje zilizokaa kama shada la zabibu. Jina limekuwa picha, hakuna haja ya kulikariri kama kasuku.

Hesabu nayo haikwepeki. E. coli akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Kwa saa 7 anagawanyika mara 21, na yule mmoja anakuwa zaidi ya milioni 2. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa usiku mmoja tu.

Kwetu sisi watu wa wali, hesabu hiyo ina mfano wa karibu. Yupo bakteria aitwaye *Bacillus cereus* ambaye hupatikana kwenye mchele. Akihisi hatari hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora haifi kwa kuchemshwa jikoni. Sufuria la pilau la harusi likiachwa mezani lipoe lenyewe usiku kucha, spora huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Asubuhi mtu anaupasha moto mwiku wake mpaka unatoa mvuke, akidhani ameua kila kitu. Bakteria kweli wamekufa, lakini ile sumu ya kutapisha haiharibiwi na moto. Njia salama ni kuutandaza wali kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie friji mapema.

Maabarani: mtaka cha mvunguni sharti ainame

Somo hili halipitwi kwa kusoma daftari tu. Sehemu kubwa iko kwenye mikono, na mikono hufunzwa kwa kurudiarudia.

Kazi ya kwanza ni kufanya kazi bila kuingiza vijidudu vya nje, wala kuwatoa wale unaowakuza. Koti jeupe, nywele kufungwa, meza kufutwa kwa dawa, hakuna kula wala kushika simu. Kitanzi cha waya huchomwa motoni mpaka kiwe chekundu, kabla na baada ya kila hatua. Vyombo husafishwa ndani ya otoklevu, ambayo ni kama sufuria kubwa la presha, kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Nyuzi 100 za maji yanayochemka hazitoshi kwa sababu ya zile spora tulizozitaja.

Kazi ya pili ni kuwakuza. Chakula chao humiminwa kwenye kisahani cha Petri, kilichopewa jina la Julius Richard Petri aliyekibuni mwaka 1887. Chakula hicho hugandishwa kwa agari, na agari hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Aliyependekeza itumike maabarani ni mama mmoja, Fanny Hesse, aliyeijua kama kitu cha jikoni cha kugandishia vyakula. Mwani unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni, Kwale, ni wa jamaa nyingine na hutoa kigandisho kiitwacho karagini, lakini ukoo ni huo wa mwani mwekundu.

Mwanafunzi hupaka vijidudu kwenye agari kwa michirizi, akichoma kitanzi na kugeuza kisahani, ili kila mchirizi uwe na vijidudu vichache kuliko uliotangulia. Kisahani hukaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake. Kazi ikiwa nzuri, mwishoni hupatikana vidoadoa vilivyotengana, na kila kidoa ni koloni moja yenye ukoo mmoja. Ikiwa mbaya, hupatikana utando uliochanganyika ambao hauna la kukwambia.

Kazi ya tatu ni rangi ya Gram, iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884. Ni hatua nne: rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha spiriti ya kuosha, mwisho rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba huoshwa na kuchukua wekundu. *Staphylococcus* huonekana zambarau. E. coli na bakteria wa kipindupindu huonekana wekundu. Siri yote iko kwenye spiriti. Ukizidisha sekunde chache, hata wa zambarau wanaoshwa na jibu linageuka. Hospitalini jibu hilo humsaidia daktari kuchagua dawa ya kuanzia, kwa hiyo sekunde hizo si mchezo.

Kazi ya nne ni kuhesabu. Vijidudu huwa wengi mno, kwa hivyo sampuli huzimuliwa hatua kwa hatua. Tuseme umezimua mara 1,000, ukapaka mililita 0.1, zikaota koloni 45. Hesabu ni 45 mara 1,000 mara 10, yaani 450,000 kwa kila mililita. Kwa kawaida kisahani kinachokubaliwa ni chenye koloni kati ya 30 na 300. Swali la namna hii hupenda kuja kwenye mtihani.

Ya tano inatugusa sote, nayo ni kupima maji. Maji ya kisima hutiwa kwenye chupa zenye mchuzi maalumu, na ndani yake kichupa kidogo kilichopinduliwa. Baada ya siku moja au mbili kwenye joto, mchuzi ukigeuka kutoka zambarau kuwa manjano na kichupa kikashika kiputo cha gesi, ni dalili ya bakteria wa jamaa ya E. coli. Hufuata kipimo kingine cha kuthibitisha. E. coli akithibitishwa, maana yake kinyesi kimefika majini. Katika mitaa yetu ya kale, ambapo kisima na choo cha shimo hutenganishwa na ukuta tu, maji yaweza kuwa maangavu na matamu na bado yakawa na maradhi. Jicho halitoshi kuyapima.

Ya sita ni kupima dawa. Bakteria hupakwa kisahani kizima, kisha huwekwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki mbalimbali. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kandokando yake. Iliyoshindwa huzungukwa na bakteria waliostawi kana kwamba haipo. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa macho yake hataona tena kama jambo dogo mtu kununua vidonge vinne dukani bila kupimwa, akameza viwili na kuviweka viwili.

Mahali wanafunzi hujikwaa

Kosa kubwa ni kukosa vipindi vya maabara kwa kudhani utaazima daftari la mwenzako. Daftari halifundishi mkono. La pili ni kuandika matokeo baadaye kwa kumbukumbu. Andika pale pale, hata kama yamekwenda kombo, na eleza kwa nini. La tatu ni kuona haya kuuliza, hasa kwa sababu ya Kiingereza. Jielezee kwanza kwa Kiswahili, mweleze mwenzako mpaka aelewe, kisha uingie kwenye istilahi za kitabu. Kuuliza si ujinga.

Kabla ya kulipa

Sasa na tuzungumze na wazazi. Hapa Pwani tuna vyuo vya umma vinavyofundisha masomo ya sayansi na tiba: Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na KMTC yenye matawi Mombasa, Kilifi na Msambweni. Pia vipo vya watu binafsi, vizuri na vibaya.

Kwa anayetaka kazi ya maabara ya tiba, sheria inataka asajiliwe na bodi iitwayo KMLTTB, na bodi hiyo ndiyo inayoidhinisha vyuo vya kufundishia kazi hiyo. Chuo kisichoidhinishwa chaweza kumpa mtoto cheti kizuri cha kutundika ukutani na asiweze kusajiliwa. Pesa za chama, za shamba lililouzwa, za baba aliyeko Uarabuni, zote huwa zimekwenda. Kwa hivyo uliza bodi yenyewe, usitosheke na bango la barabarani wala maneno ya wakala.

Kisha omba kuiona maabara. Hesabu hadubini na uulize wanafunzi wangapi hutumia moja. Uliza kama otoklevu inafanya kazi, kama umeme ukipotea kuna jenereta ya kulinda kabati la joto na friji, na mafunzo ya vitendo hospitalini hufanyika wapi. Uliza pia kama koti, glavu na vifaa vimo ndani ya karo au ni malipo mengine. Chuo kisichotaka kukuonyesha maabara yake kimeshakujibu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Jibu la maabara analopewa mgonjwa hospitalini huanzia kwa mwanafunzi aliyeinama juu ya hadubini akahesabu sekunde za spiriti. Kilifi kwenyewe, KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti wa maradhi tangu 1989, na kazi ya aina hiyo huhitaji watu waliofunzwa vizuri. Hakuna sababu watu hao wasiwe watoto wa hapa hapa.