Gavana wa kwenye simu alivyosubiriwa Bukoto

BUKOTO, Kampala. Jioni ikiingia kando ya barabara iendayo Kisaasi, simu ndiyo runinga ya wengi. Duka likishafungwa, mwenye duka huinamia kioo kidogo kufuatilia tamthilia yake. Agosti 2022 ilikuwapo sababu mpya ya kuweka akiba ya bando. Agosti 25 mwaka huo huduma ya Showmax ilianza kuonesha County 49, tamthilia ya siasa kutoka Kenya.

Tangu katiba ya 2010 Kenya ina kaunti 47 tu. Bwatele, kaunti ya 49, ni ya kubuni. Gavana wake ni mwanamke, anayeigizwa na Wakio Mzenge, na kisa kinapamba moto kundi lenye silaha linapoingia. Miongoni mwa waongozaji ni Likarion Wainaina, aliyetengeneza Supa Modo, filamu ya 2018 ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa.

Bukoto imezoea filamu zinazosimuliwa kwa Kiganda na ma-VJ. Hii ilikuja na Kiswahili cha Kenya, kile kile anachokisikia mfanyabiashara akishavuka Busia au Malaba.

Na huko ng'ambo ndiko anakokutana na kaunti yenyewe. Uganda haina gavana. Wilaya zina wenyeviti wa LC5. Lakini mzigo ukiingia Kenya, ada ya soko, maegesho ya lori na ushuru wa mazao ni vya kaunti. Hupitishwa na bunge la kaunti katika sheria ya fedha, kisha gavana hutia saini. Akibadilika gavana, risiti nayo huenda ikabadilika.

Wenye umri hawajasahau mwanzo wa 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka Kenya, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama njiani na mafuta yakaadimika Kampala. Machi 2021 hapakuwa na ghasia. Amri moja tu ya Nairobi ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakalala mpakani.

Kutazama nako kuna siasa yake. Kuanzia Julai 2018 Waganda walilipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Januari mwaka huo huo, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye kubana matumizi hupakua vipindi palipo na waifai, akavitazama baadaye safarini.

Tamthilia ilifika wakati siasa halisi haijatulia. Wakenya walipiga kura Agosti 9, William Ruto akatangazwa mshindi Agosti 15, na Raila Odinga akapeleka kesi Mahakama ya Juu. Kwa mujibu wa katiba, majaji walikuwa na siku 14 za kuamua, yaani hadi Septemba 5.

Vipindi vya kwanza vya Bwatele vilikuwa vimeshaonekana kabla ya siku hiyo. Kwa mwenye kontena Mombasa, swali la siku hizo lilikuwa moja: autoe mzigo bandarini mara moja, au angoje majaji waseme.