Moscow ya Rekodi: Kutoka Mnara wa Mita 240 Hadi Jiko la Mita za Mraba 6

Rekodi kubwa kuliko zote za Moscow haikuwahi kusimama. Kasri la Wasovieti, lililobuniwa na Boris Iofan na wenzake, lilipangwa kufika mita 415, pamoja na sanamu ya Lenin ya mita 100 kileleni. Ili lipate kiwanja, Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi lililipuliwa Desemba 1931. Msingi ukamalizika na nguzo za chuma zikaanza kupanda. Vita vilipoingia 1941, chuma hicho kikang'olewa kwa matumizi ya vita. Likabaki shimo lililotuama maji.

Hapo ndipo lilipozaliwa bwawa la kuogelea la Moskva, mwaka 1960. Msanifu Dmitry Chechulin aliugeuza msingi ule wa duara kuwa bwawa lenye upana wa karibu mita 130, kubwa kuliko yote nchini na mojawapo ya makubwa zaidi duniani. Halikuwa na paa, wala halikufungwa wakati wa baridi kali, kwa kuwa maji yake yalipashwa moto. Muogeleaji hakulazimika kukatiza theluji na nguo ya kuogelea: aliingia majini akiwa bado ndani ya jengo la kubadilishia nguo, akapita chini ya kizuizi, akaibukia nje kwenye mvuke mzito. Makumbusho ya Pushkin iliyokuwa jirani haikuufurahia mvuke huo, maana ulitishia michoro yake. Bwawa lilifungwa miaka ya 1990, na kanisa likajengwa upya palepale.

Chechulin alikuwa na bahati ya kurithi misingi iliyoachwa. Mwaka 1947, Moscow ikiadhimisha miaka 800, mawe ya msingi ya majengo marefu 8 yaliwekwa kwa pamoja. Yalikamilika 7. La nane, alilolichora yeye mwenyewe kwa ajili ya mtaa wa Zaryadye karibu na Kremlin, lilikwama baada ya Stalin kufariki. Pale pale akajenga Hoteli Rossiya, iliyofunguliwa 1967 ikiwa na vyumba zaidi ya 3,000. Kitabu cha Guinness kiliiorodhesha kuwa hoteli kubwa kuliko zote duniani, hadi Excalibur ya Las Vegas ilipoipokonya taji 1990. Nayo imeshabomolewa, leo pana bustani.

Kati ya yale 7, mfalme ni jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow, lililofunguliwa Septemba 1, 1953. Lina mita 240, na Ulaya nzima haikuwa na jengo refu zaidi hadi Messeturm ya Frankfurt ilipolipita 1990. Saa zilizo kwenye minara yake ya pembeni zina kipenyo cha mita 9 hivi. Ndani mna kumbi, mabweni, kantini, maduka, posta na bwawa. Miongoni mwa waliolijenga walikuwamo wafungwa wa kambi za Gulag, rekodi ambayo hakuna aliyeitangaza.

Kwa kwenda chini, taji la Wasovieti halikuwa la Moscow bali la Kyiv. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Arsenalna, kilichofunguliwa 1960, kina kina cha mita 105.5. Sababu yake si majigambo bali kilima: mlango wa kituo uko juu sana ya mto, lakini reli ilitakiwa ichomoze kwenye ukingo wa Dnieper ili ivuke kwa daraja. Abiria hushuka kwa ngazi za umeme mbili, moja baada ya nyingine.

Duka kubwa la watoto kuliko yote nchini, Detsky Mir, lilifunguliwa Moscow 1957, mkabala na makao makuu ya KGB. Sijui nani alichagua kiwanja.

Kisha mashindano yakageuka. Novemba 1955 kiongozi wa Usovieti, Khrushchev, na wenzake walitoa amri dhidi ya mapambo na ufujaji katika ujenzi, na sifa zikahamia kwenye uharaka na udogo. Katika mtaa wa majaribio wa Novye Cheryomushki, wasanifu walipima kila sentimita. Dari likashushwa hadi karibu mita 2.5. Ghorofa zikawa 5, kwa sababu zikizidi hapo lifti ingehitajika. Jiko likabaki na mita za mraba 5 au 6. Shule, chekechea na duka vikawekwa katikati ya majengo, mtoto asivuke barabara kuu. Aliyepita Michenzani, Unguja, ameona binamu wa fikra hiyo, aliyeletwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki.

Mimi ningelipa taji jiko hilo. Kabla yake, familia nyingi zilijibana chumba kimoja kimoja, zikigombea jiko na choo kimoja na majirani, na mmoja wao huenda alikuwa mpeleka habari. Makumi ya mamilioni ya watu walihamia nyumba mpya, wakapata mlango wao wa kufunga. Mezani, magoti yakigusana, watu walianza kuzungumza siasa, kusomeana maandishi yaliyopigwa marufuku na kusikiliza redio za ng'ambo.

Mwaka 2017 Moscow ilitangaza mpango wa kubomoa maelfu ya majengo ya aina hiyo. Maelfu ya wakazi waliingia barabarani kupinga.