Kuwasha Mfumo Endeshi wa Zamani kutoka Diski Kuu ya Pili: Ufafanuzi kwa Mfano wa Njia ya Misafara ya Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora ilikuta njia zikigawanyika: moja ilielekea Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe. Aliyetangulia mbele na kuonyesha njia aliitwa kirangozi. Mizigo ingeweza kuwa kamili, lakini bila kirangozi safari ilikwama.

Mfano huo unafafanua tatizo la kompyuta ambayo Windows XP imo katika diski kuu ya pili. Microsoft ilisitisha huduma kwa mfumo huo Aprili 8, 2014. Hata hivyo, mfumo huo bado huhitajika pale ambapo kumbukumbu za zamani hufunguliwa kwa programu zisizokubali mifumo mipya.

Chanzo cha kwanza ni mahali pa faili za kuanzishia. XP inaposakinishwa katika diski ya pili huku ya kwanza ikiwa imeunganishwa, kwa kawaida faili za NTLDR, NTDETECT.COM na boot.ini huwekwa katika diski ya kwanza. Diski hiyo ikiondolewa, ya pili hubaki na mfumo wote lakini haina kirangozi.

Chanzo cha pili ni namba. Katika boot.ini, diski huhesabiwa kuanzia 0 ilhali sehemu za diski huhesabiwa kuanzia 1. Kwa hiyo diski ya pili huandikwa rdisk(1). Ikibaki peke yake huwa rdisk(0). Namba zisipolingana, kompyuta huweza kudai kwamba faili ya hal.dll haipo, ingawa ipo.

Chanzo cha tatu ni mpangilio wa BIOS. XP haikuja na kiendeshi cha AHCI. Hivyo huweza kusimama kwenye skrini ya buluu yenye alama 0x0000007B. Kubadili mpangilio kuwa IDE mara nyingi huondoa kikwazo hicho.

Kutokana na hayo, utaratibu unaofaa ni kuhakikisha kwanza kwamba BIOS inaitambua diski, kisha kunakili data kwa kutumia kompyuta nyingine, na ndipo kukagua boot.ini na mpangilio wa diski. Kuifomati diski kabla ya hatua hizo ni kuteketeza mizigo kwa kosa la kirangozi, na kumbukumbu zilizopotea hivyo huenda zisipatikane tena.